Kona ya Mshika Kibendera: Msimu wa Genk, viporo vya Simba na mechi za saa tano usiku

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niliandika aya mbili tatu kuhusu msimu wa 2018/19 wa KRC Genk ya Ubelgiji, ile ya Mbwana Samatta. Nilisema huo ndio msimu mtamu kuliko wote ambao Mtanzania amewahi kuucheza Ulaya. Sikujua nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Makole mpaka Manyoni, na baadhi yenu mmenitukana kwa adabu kabisa, nashukuru. Kwa kuwa maswali mengi yanagusa msimu uleule, leo ukurasa wote nimewaachia Genk. Wanaoniuliza habari za Dodoma Jiji wavute subira hadi toleo lijalo.

*Shikamoo mzee. Hapa kijiweni tumebishana mpaka abiria wakaondoka na bodaboda za wenzetu. Mimi nasema Genk walipotolewa Europa League na Slavia Prague, tena kwa kupigwa nne nyumbani kwao, hapo ndipo ubingwa wa Ubelgiji ulipopatikana, maana walibaki na ligi tu. Wenzangu wanasema sijui mpira. Tuamulie.* – Bodaboda, Makole

Marahaba mwanangu. Wenzako wamepatia, ila naona hawakukupa sababu, wamekupa kelele tu.

Tuanze na usiku wenyewe. Tarehe 14 Februari 2019 Genk walikwenda Prague wakatoka 0-0, matokeo ambayo kila mtu aliyaona mazuri. Wiki moja baadaye, nyumbani, Leandro Trossard akawatanguliza mapema, na uwanja mzima ukadhani kazi imekwisha. Wengi wamesahau kwamba enzi hizo goli la ugenini lilikuwa na uzito wake: jumla ya mabao ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini. Baada ya 0-0 ya kwanza, Slavia hawakuhitaji kushinda. Moja moja ingewavusha. Timu inaongoza, lakini goli moja tu la mgeni linaitoa. Mabeki wa Genk waliendelea kupanda kana kwamba wana mabao mawili ya akiba, na mpaka filimbi ya mwisho ubao ulisoma 1-4. Kanuni ile UEFA waliifuta kuanzia msimu wa 2021/22, kwa hiyo vijana wa leo wakiitazama mechi ile hawaoni presha ilitoka wapi. Na Slavia hawakuwa wanyonge. Walimtoa Sevilla, wakaja kusimamishwa na Chelsea kwenye robo fainali, na Chelsea ndio waliobeba kombe.

Sasa hoja yako inakufa hivi. Mpinzani wa Genk kwenye ligi alikuwa nani? Club Brugge. Na Club Brugge usiku uleule, tarehe 21 Februari, walikuwa Austria wakila nne bila kwa Salzburg, nao wakatolewa. Walikuwa wameshuka kutoka Ligi ya Mabingwa baada ya kushika nafasi ya tatu kwenye kundi lao. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi timu zote mbili za juu ziliamka zikiwa na ligi tu mezani. Anderlecht na Standard Liège nao walishaaga Ulaya tangu Desemba. Nafuu ikigawiwa kwa wote, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Ubingwa wa Genk ulitafutwa mapema zaidi, na nina ushahidi kwenye kaunta buku langu ambalo mke wangu anatamani kulitia jikoni. Mechi za ligi naziandika kushoto, za Ulaya kulia, tarehe kwa tarehe. Upande wa kulia unaanza mwishoni mwa Julai 2018, kwenye raundi ya pili ya mchujo wa Europa League: Fola Esch wa Luxembourg, 5-0 na 4-1. Lech Poznań wa Poland, 2-0 na 2-1. Brøndby wa Denmark, 5-2 na 4-2, na katika ile 5-2 Samatta peke yake alifunga matatu. Mechi sita, ushindi sita, kabla hata droo ya makundi haijachezeshwa. Watu hulalamika kwamba mchujo wa Julai unachosha. Mimi naona ndio uliowanoa. Wakati wengine bado wanacheza za kirafiki na kubadilisha wachezaji kumi kipindi cha pili, Genk walikuwa wameshacheza mechi ambazo ukikosea unarudi nyumbani.

Halafu yakaja makundi: Malmö, Beşiktaş na Sarpsborg. Walimfunga Malmö 2-0, wakaangukia pua Norway kwa Sarpsborg 3-1, kisha wakaenda Istanbul wakampiga Beşiktaş 4-2, Samatta mawili. Mwaka ukaisha wakiongoza kundi kwa pointi 11. Na ukigeuza macho upande wa kushoto wa ukurasa, Alhamisi hizohizo zinafuatwa na Jumapili ambazo timu inaokota pointi na kukaa kileleni. Kocha Philippe Clement ndiye aliyeijenga timu hiyo, na jina lake lishike, tutarudi kwake.

Kama kuna jambo lililotaka kuwaua, si Slavia. Ni Machi. Nahodha wao, Mhispania Alejandro Pozuelo, aliyekuwa ndiye mpishi wa mabao, aliuzwa Toronto FC ya Canada msimu ukiwa haujaisha. Timu inaongoza ligi, na mpishi anaondoka! Kilichowaokoa ni kwamba ndani walikuwa na Ruslan Malinovskyi, Mukraine mwenye mguu wa kushoto wa kutisha, pamoja na Trossard, na Sander Berge akisafisha katikati. Samatta aliendelea kupata mipira. Waambie wenzako hivyo, na wewe ukubali kuwanunulia kahawa.

*Mume wangu mwanzoni mwa msimu huniambia mechi za Ulaya ni saa nne usiku. Ikifika Novemba anasema zimehamia saa tano, na anarudi saa saba na nusu. Naomba ukweli, mzee. Ananidanganya?* – Mama wa Area C

Kuhusu saa ya kuanza, mama, hakudanganyi. Wazungu husogeza saa zao nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatugusi za kwetu. Chukua mfano wa mwaka 2019: Genk walimkaribisha Liverpool tarehe 23 Oktoba, mechi ikaanza saa nne usiku kwetu. Marudiano yalikuwa Anfield tarehe 5 Novemba, ikaanza saa tano.

Ila mechi ya saa tano, pamoja na mapumziko na dakika za majeruhi, huisha kama saa saba kasoro dakika kumi. Kutoka kibanda umiza cha Chang'ombe mpaka Area C kwa bodaboda, barabara ikiwa tupu usiku ule, haichukui muda wa kusema. Dakika zilizobaki muulize mwenyewe, hizo haziko kwenye kaunta buku langu.

*Uliandika kwamba Genk walimaliza mechi 30 wakiwa na pointi 63, kisha zikakatwa nusu. Mimi nauza nafaka na sijawahi kuona hesabu ya namna hii. Hiyo si dhuluma?* – Mfanyabiashara, Kibaigwa

Wewe uko sokoni Kibaigwa, basi tupime kwa magunia. Umehangaika msimu mzima ukaweka ghalani magunia 63 ya mahindi, jirani ana 56. Anakuja mwenyekiti, anasema kila mtu abaki na nusu yake, kisha mrudi shambani kwa raundi fupi, atakayekuwa na mengi mwishoni ndiye bingwa. Ulimzidi jirani kwa saba. Sasa unamzidi kwa manne tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Ligi ya Ubelgiji msimu ule ilikuwa na timu 16. Baada ya kila mmoja kucheza mechi 30, sita za juu zinatengwa, pointi zinagawanywa kwa mbili, halafu sita hizo zinachezana nyumbani na ugenini, mechi kumi kila moja. Nusu ikitokea, inapandishwa juu. Kwa hiyo 63 ya Genk ikawa 32, na 56 ya Brugge ikawa 28. Ile nusu iliyoongezwa nayo ni ya mkopo: mkilingana pointi mwishoni, aliyeongezewa anaipoteza.

Genk walimaliza na 52, Brugge 50. Pointi mbili, ukisoma haraka utadhani walipumuliana kisogoni mwaka mzima. Lakini jumlisha bila kukata: Genk 83, Brugge 78. Brugge walicheza vizuri zaidi kwenye zile mechi kumi za mwisho, hilo silikatai, waliokota 22 dhidi ya 20. Ubingwa ulithibitika tarehe 16 Mei 2019 kwa sare ya 1-1 nyumbani kwa Anderlecht, mechi moja ikiwa imebaki. Ulikuwa wa nne kwao, baada ya 1999, 2002 na 2011. Si haba kwa klabu iliyozaliwa mwaka 1988 tu, kwa kuunganisha timu mbili za mji wa migodi ya makaa ya mawe, Winterslag na Waterschei, wakati migodi yenyewe inafungwa.

Dhuluma? Mimi niliyekimbia pembeni mwa uwanja na kibendera miaka mingi nasema goli la Septemba na goli la Aprili yanastahili uzito mmoja. Wanaoutetea mfumo huo wanasema unaleta msisimko, na televisheni inalipia msisimko. Kuna mwaka mfumo huo uliwageuka Genk wenyewe: msimu wa 2024/25 waliongoza baada ya mechi 30, kisha Union Saint-Gilloise wakapita mbele na kuchukua ubingwa. Sikusikia mtu wa Genk akiusifia msisimko siku hiyo.

*Mzee, mimi ni Simba damu, na wewe najua unajifanya huna timu. Msimu huohuo wa 2018/19 Simba tulikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika, tukarundikiwa viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, mpaka watu wa upande wa pili wakatucheka. Genk walicheza Ulaya mechi 14 na sikusikia viporo. Kwa nini?* – Shabiki, Singida mjini

Sina timu, nina kibendera.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana misimu hiyo miwili ilikuwa inatembea pamoja kama imepangwa. Kwanza jibu la ratiba. Ubelgiji, kabla msimu haujaanza, katikati ya wiki kumeshatengwa: Jumanne na Jumatano ni za Ligi ya Mabingwa, Alhamisi ni ya Europa League, na timu ya Alhamisi inapangiwa ligi Jumapili. Hakuna anayeandika barua kuomba mechi isogezwe. Na safari zenyewe ni fupi. Kutoka Ubelgiji kwenda Malmö ni ndege ya muda mfupi. Unacheza, unarudi, Ijumaa asubuhi uko mazoezini.

Simba msimu ule walikuwa na mechi 38 za ligi, kwa sababu ligi yetu ilikuwa na timu 20. Juu ya hizo waende Béchar, jangwani Algeria, kucheza na JS Saoura. Waende Kinshasa kwa AS Vita. Waende Alexandria kwa Al Ahly. Hakuna ndege ya moja kwa moja ya kukupeleka Béchar kutoka Dar es Salaam. Siku za safari zinakula siku za ligi, mechi zinasogezwa, na ndipo Yanga walipokaa juu ya msimamo wiki nyingi huku kila mtu akihesabu kwa vidole: wakishinda viporo vyote itakuwaje? Kuna wanaosema kiporo ni upendeleo kwa sababu unacheza ukijua unahitaji nini. Kuna ukweli humo. Lakini ukivilipa Aprili na Mei kila baada ya siku tatu, ukitoka Kanda ya Ziwa unaingia Kanda ya Kati, miguu inajua gharama yake.

Pili, lile la kufanana. Simba kwenye kundi walipigwa tano Kinshasa na tano Alexandria, lakini Dar es Salaam waliwafunga wote watatu na wakapita. Robo fainali wakakutana na TP Mazembe, klabu aliyotokea Samatta kwenda Genk. Mkondo wa kwanza Dar, 0-0. Marudiano Lubumbashi, Emmanuel Okwi akafunga dakika ya pili, na mimi nikasimama kwenye benchi pamoja na kutokuwa na timu. Matokeo ya mwisho: 4-1 kwa Mazembe. Sasa rudi juu usome tena habari ya Genk na Slavia. Suluhu ya bila mabao, kuongoza mapema kwenye marudiano, kisha nne. Mmoja ugenini, mwingine nyumbani kwake, ndani ya miezi miwili.

Na wote wawili wakawa mabingwa Mei ileile. Genk tarehe 16 kule Brussels, Simba siku chache baadaye kwenye uwanja wenu wa Namfua, kwa kuwafunga Singida United 2-0. Wewe uliona ubingwa bila hata nauli ya basi. Sisi wa Dodoma tulipanda.

*Samatta alifunga mangapi msimu huo, na ile tuzo ya kiatu ilikuwa ya nini?* – Mwanafunzi wa sekondari, Kondoa

Kwenye ligi alifunga 23. Tuzo ni Ebony Shoe ya mwaka 2019, anayopewa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika anayecheza Ubelgiji. Msimu haukumwishia hapo: mwezi Machi Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON ya Misri, yeye akiwa nahodha, na mwezi Juni akafunga dhidi ya Kenya kwenye ile mechi tuliyopoteza 3-2. Sasa rudi kwenye hisabati, mtihani hauna kiporo.

*Kama Genk walikuwa wazuri kiasi hicho, mbona msimu uliofuata kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya walipata pointi moja tu? Au Ubelgiji ni ligi ya mchangani tunadanganyana?* – Mwanafunzi, UDOM

Si ya mchangani. Ila timu uliyoiona Ligi ya Mabingwa haikuwa ile iliyochukua ubingwa. Jezi tu ndiyo ilikuwa moja.

Nilisema jina la Clement ulishike. Kiangazi cha 2019, akiwa na medali shingoni, alihamia Club Brugge, walewale aliowanyima ubingwa, na msimu uliofuata akawapa. Trossard akaenda Brighton. Malinovskyi akaenda Atalanta. Beki Joseph Aidoo wa Ghana akaenda Celta Vigo. Pozuelo nilishamsimulia. Samatta akabaki, na mbele yake, nyuma yake na pembeni yake kukawa na sura mpya. Kocha mpya, Felice Mazzù, hakufika hata Krismasi. Alifukuzwa Novemba, akaja Hannes Wolf. Halafu kuna jambo ambalo sijaona likisemwa sana: mabingwa wa Ubelgiji waliingia makundi moja kwa moja. Zile mechi sita za Julai na Agosti zilizowanoa mwaka uliotangulia, safari hii hazikuwepo. Wakaingizwa ulingoni na Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya, Napoli, na Salzburg.

Usiku wa kwanza, Salzburg, walikuwa nyuma 5-1 hadi mapumziko. Kijana wa miaka 19 aitwaye Erling Haaland alifunga matatu kabla ya mapumziko; siku ile wengi wetu tulimwandika jina kwa kubahatisha herufi. Ikaisha 6-2, na moja kati ya yale mawili lilikuwa la Samatta. Kisha 0-0 na Napoli nyumbani, ndiyo hiyo pointi yako moja.

Liverpool walipokuja Genk, wakiwa mbele 1-0, Samatta aliweka mpira wavuni kwa kichwa na uwanja ukalipuka. VAR, waamuzi wa video, ikakataa: Junya Ito, aliyemimina krosi, alikuwa ameotea kabla. Watu waliniuliza wiki nzima kama mshika kibendera angeweza kuiona ile kwa macho. Nawajibu hapa: kwa kasi ile, ukiwa sambamba na beki wa mwisho na jua au taa ziko vizuri, unaweza kuhisi. Kuiona kwa uhakika, hapana, na anayesema angeiona hajawahi kushika kibendera Jamhuri mwezi wa nane, vumbi likipita mbele ya macho. Mechi ikaisha 4-1.

Marudiano Anfield niliitazama kibandani Chang'ombe. Mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LEO SAA 5, LIVERPOOL v SAMATTA, SH. 500. Genk hawakutajwa kabisa. Upepo wa Dodoma ulikuwa unalipiga turubai kiasi kwamba mtangazaji hasikiki. Wijnaldum akafunga dakika ya 14, watu wenye jezi nyekundu wakakumbatiana. Dakika ya 40 Genk wakapata kona. Samatta akatoka nyuma, akamwahi mlinzi, akapanda, kichwa, ndani. Na walewale wenye jezi nyekundu, nakuapia, waliruka juu ya mabenchi kushangilia goli walilofungwa wao. Jamaa mmoja mwenye namba ya Salah mgongoni alikuwa anapiga kelele "Samagoal!" huku amejikamata kichwa, hajui ahuzunike au afurahi. Oxlade-Chamberlain akaja kuwapa Liverpool la pili baada ya mapumziko. 2-1, ugenini, kwa bingwa wa Ulaya, na timu iliyobomolewa. Mimi siiiti aibu hiyo.

Mengine yalikuwa ya kuumiza. Salzburg tena, 1-4 nyumbani, Samatta akafunga. Napoli ugenini, 4-0, golini akiwa amesimama mtoto wa miaka 17, Maarten Vandevoordt, kipa mdogo kuliko wote kuwahi kuanza mechi ya Ligi ya Mabingwa. Kichekesho ni kwamba usiku uleule wa ushindi Napoli walimfukuza kocha wao, Carlo Ancelotti. Jumla: Genk walifunga matano, wakafungwa 20. Matatu kati ya matano ni ya Samatta. Januari akauzwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walipoteza 2-1.

Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa Genk, usipime kwa ile pointi moja. Pima kwa bei na mahali walikokwenda wachezaji waliouzwa.

*Mzee wangu, kijana wangu ana miaka 15, anafunga mabao kila mechi hapa Mpwapwa. Amekuja bwana mmoja amevaa vizuri, anasema ana uhusiano na klabu za Ubelgiji, atampeleka majaribio Genk "kama Samatta". Anataka tumtangulizie fedha za viza na usajili. Tumeshauza ng'ombe mmoja. Tuendelee?* – Baba, Mpwapwa

Msiuze wa pili, ndugu yangu.

Kwanza, kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wake wenyewe kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kijana wa miaka 15 kutoka Mpwapwa kusajiliwa Ubelgiji haimo kwenye sababu hizo. Bwana huyo ama hajui kanuni, ama anaijua na anategemea ninyi hamuijui.

Pili, klabu inayomtaka mchezaji inamwandikia mwaliko wenye jina lake na kugharamia safari. Mwulize barua hiyo iko wapi. Mwulize pia leseni yake ya uwakala kutoka FIFA, aoneshe jina lake na siyo la "bosi wake". Akisema vinakuja, mwambie mtakunywa chai vikifika.

Tatu, hiyo "kama Samatta" anaitumia vibaya. Samatta hakubebwa akiwa na miaka 15. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, akaenda TP Mazembe akakaa karibu miaka mitano, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk wakamchukua, Januari 2016, akiwa na miaka 23.

Kuhusu ng'ombe aliyekwishauzwa: mpeni bwana huyo muda mfupi wa kurejesha fedha, kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji. Asiporejesha, nendeni polisi na ile risiti au ujumbe wa muamala wa simu, msiufute. Kijana mpelekeni kwenye chama cha mpira cha wilaya aandikishwe kwenye mashindano ya vijana, na shule asiache. Nikija Mpwapwa kwenye mashindano nitakaa upande wake wa uwanja, nione kama kweli anafunga au anaotea.